Je, wajua kwa nini "She cooks" ina s, lakini "She does not cook" haina?

Mwanafunzi akishafundishwa kwamba kitenzi cha nafsi ya tatu umoja huongezwa s, huandika "She cooks" bila tabu. Akiambiwa aikanushe, huandika "She does not cooks", na kalamu nyekundu inapita. Si uzembe. Amefuata kanuni aliyopewa, ila kanuni yenyewe alipewa nusu.

Nusu iliyobaki ni hii: Kiingereza huweka alama ya nafsi na wakati mara moja tu, na anayeibeba ni kitenzi kinachotangulia. Katika sentensi yakinishi kitenzi kikuu kiko peke yake, basi mzigo wote ni wake: "She cooks", "She cooked". Ukikanusha au ukiuliza, "do" hutangulia na kuupokea mzigo huo, na kitenzi kikuu hubaki kitupu: "does not cook", "did not cook". Ndiyo maana "did not went" haikubaliki. Wakati uliopita umetajwa mara mbili.

Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi tamati vingi: "ic singe" (ninaimba), "he singeþ" (anaimba), "we singaþ" (tunaimba), ambapo þ husomwa th. Karibu vyote vimekufa, na katika wakati uliopo wa vitenzi vya kawaida imebaki s pekee. Hata hiyo s ilitoka lahaja za kaskazini mwa Uingereza. Kusini walisema "-eth", na Biblia ya King James ya mwaka 1611 bado ina "goeth" na "saith". "Can", "may" na "must" hazipokei s kwa sababu asili yake ni maumbo ya wakati uliopita, na wakati uliopita haukuwa na kiambishi hicho.

Katika karne ya 16 watu walisema "I do think" bila kusisitiza chochote. Mtindo huo ulififia. Leo "do" ndani ya sentensi yakinishi ni ya kubishana: mtu akidai hukulipa, unamjibu "I did pay!" Kama hakuna ubishi, iache.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu. "Anapika" ni neno moja lenye a- ya nafsi, -na- ya wakati na mzizi -pik-. Anayelipasua ili alipeleke kwenye Kiingereza hutafuta neno la kusimama badala ya -na-, huokota "is", kisha huandika "She is cook". Tena -na- yetu hufanya kazi mbili, ya sasa hivi na ya mazoea. Jaribu kuweka hu-. Kama "Mama hupika" inaleta maana ileile, andika "Mother cooks". Kama unamaanisha yuko jikoni muda huu, andika "Mother is cooking", "is" pamoja na -ing, vyote viwili. Jihadhari na "want", "know" na "believe": "ninataka" ni "I want", hata kama unataka sasa hivi.

Ile a- nayo huleta "My mother she cooks". Kwetu lazima kiambishi kiwepo hata mama akishatajwa. Kwao kiima kimoja kinatosha. Lakini hakiruhusiwi kukosekana. "Inanyesha" si "Is raining", ni "It is raining", ingawa hiyo "it" haimtaji mtu wala kitu.

Kuna na "I like very much tea", ambayo ni "Ninapenda sana chai" iliyovishwa nguo za kigeni. Kiingereza hakipendi kitu kiingie kati ya kitenzi na shamirisho yake: "I like tea very much".

Tahajia ya s haina ugumu. Kitenzi kikiishia kwa s, sh, ch, x, z, au kwa o kama "go" na "do", weka -es: "washes", "goes". Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka -ies, "carry" ikawa "carries". Ikitanguliwa na irabu haiguswi, "plays". "Have" huwa "has". Matamshi ndiyo husahaulika: katika "works" husikika s, katika "reads" husikika z, na "watches" huongeza silabi nzima, kwa hiyo ukiitamka kwa silabi moja msikilizaji atasikia "watch" tu.