Je, wajua kwa nini kuchemsha koleo la kung'olea meno hakutoshi?

Wali ulipikwa jana jioni. Ulichemka, ukakauka, ukapaliwa makaa, na uliobaki ukafunikwa na kuachwa jikoni mpaka asubuhi. Mtoto anakula kiporo kabla ya kwenda shule, na saa mbili tatu baadaye anatapika. Mama anashangaa: chakula kilichochemka vile kimemdhuruje mtu?

Mhalifu ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Makazi yake ni udongoni, na hufika jikoni pamoja na mchele. Akiwa macho, anakula na kuzaliana, maji yanayochemka humuua. Lakini ana umbo la pili, na ni kwa sababu ya umbo hilo chumba cha nyuma cha kliniki ya meno kina mashine nzito ya chuma badala ya sufuria na jiko.

Mambo yanapomwia magumu, chakula kikiisha au ukavu ukizidi, bakteria wa jamii hii huifunga nakala ya vinasaba vyake ndani ya gamba juu ya gamba, kisha huondoa sehemu kubwa ya maji yaliyomo. Mahali pa maji hujaza asidi maalumu iliyoshikana na kalsiamu. Kinachobaki huitwa spora. Ifikirie kama punje ya mahindi iliyokaushwa ghalani: haili, haikui, haizai, wala huwezi kusema imekufa. Joto huua kiumbe kwa kuvuruga protini zake, na protini huvurugika kwa urahisi zaidi penye maji. Spora ni kavu katikati, kwa hiyo maji ya moto yanaipita. Mjerumani Ferdinand Cohn alilieleza jambo hili mwaka 1876, baada ya kuona kwamba bakteria wa nyasi kavu hufufuka hata baada ya kuchemshwa. Wali ukipoa, spora zake nazo huamka, na sumu wanayoitoa bakteria hao haiondoki hata ukikipasha kiporo.

Jamii hiyo ina ndugu wabaya zaidi. Pepopunda huletwa na bakteria mwenye spora. Kimeta vilevile.

Sasa twende kwenye kiti cha meno. Wanasayansi wameshatambua zaidi ya aina 700 za bakteria katika vinywa vya binadamu. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, aliwaona kwa lenzi alizozisaga mwenyewe, na mwaka 1683 akaandika barua London kueleza wanyama wadogo waliokuwa wakichezacheza katika utando wa meno yake. Wengi wao ni wapangaji wetu wa kila siku. Wanaotutisha ni wale wanaosafiri kwa damu. Jino likitoka damu hutoka, na koleo, sindano, kioo cha mdomoni na kichwa cha mashine ya kuchimbia jino vyote huloa.

Hofu ya wengi ni VVU, nami siidharau hofu hiyo. Lakini msaidizi wa daktari wa meno anapaswa kuijua ngazi yenyewe ya hatari. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama asilimia 0.3. Kwa homa ya ini C ni karibu asilimia 1.8. Kwa homa ya ini B, asiyechanjwa anaweza kufikia asilimia 30. Tena kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka mezani angalau siku saba kikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini B ni ya lazima kwa anayeosha vifaa, hata kama hashiki koleo mbele ya mgonjwa.

Tuseme kweli: virusi hivyo vyote, maji yanayochemka huvimaliza, mradi yavifikie. Basi kwa nini tusumbuke na spora? Kwa sababu kifaa kinachoingia kwenye damu hakina haki ya kubaki na chochote kilicho hai, na spora ndiyo ngumu kuliko karibu vyote. Ikifa yeye, una hakika kwamba VVU, homa ya ini, kifua kikuu na kuvu vilishakufa zamani. Spora ndiyo kipimo cha kazi.

Na maji yana ukomo. Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Hata ukichochea moto kutwa nzima hayapandi zaidi. Yataendelea tu kugeuka mvuke. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi, hivyo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria ileile ya vifaa ina joto pungufu kwa sababu tu kliniki iko mlimani.

Dawa yake ni kuyafungia maji. Mvuke usiopata pa kutokea huongeza presha, na presha hupandisha kiwango cha kuchemka. Mwaka 1879 Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur mjini Paris, alitengeneza chombo cha namna hiyo kwa ajili ya maabara. Ndiyo otoklevu, dada mkubwa wa sufuria ya presha tunayopikia maharage. Presha ikiwa mara mbili ya ile ya hewa ya kawaida, mvuke hufika nyuzi 121; ikiwa mara tatu, karibu 134. Kwa nyuzi 121 kazi huhitaji dakika 15 za joto kamili, na kwa nyuzi 134 dakika 3. Vifaa vilivyofungwa kwenye pakiti huongezewa muda, na mashine nyingi za kawaida hupewa dakika 30 kwa nyuzi 121.

Joto peke yake halielezi yote. Tanuri kavu lenye nyuzi 160 linahitaji saa mbili nzima kufanya kazi ambayo mvuke wa nyuzi 121 huimaliza kwa dakika chache. Jibu unalo jikoni: unaweza kuingiza mkono kwenye tanuri la mikate kwa muda mfupi ukautoa salama, lakini mvuke wa birika ukikupata kidoleni, malengelenge. Mvuke ukigusa kitu cha baridi hugeuka maji, na hapo hapo humwaga joto lote lililotumika kuufanya mvuke. Kwa hiyo hewa lazima itoke ndani ya mashine kwanza. Palipobaki hewa, mvuke haugusi, na pakiti zilizosongamana kama dagaa kwenye gunia huficha hewa katikati. Kichwa cha kuchimbia, chenye vijia vyembamba vinavyoweza kunyonya mate na damu, ndicho kigumu zaidi, nacho hustahili mashine inayovuta hewa yote nje kabla ya kuingiza mvuke.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi ya msaidizi inapopuuzwa. Joto haliui kwa mkupuo, linaua kwa mafungu. Spora zinazotumika kujaribia mashine, za bakteria Geobacillus stearothermophilus, kwa nyuzi 121 hupungua mpaka moja ya kumi kila baada ya takriban dakika mbili. Zikiwa milioni moja, baada ya dakika 12 inabaki moja. Kumbe idadi unayoanza nayo ndiyo inayoamua mwisho. Anayesugua koleo kwa brashi, sabuni na maji, akafungua maungio yake na kutoa kila chembe ya damu, ameshaondoa sehemu kubwa ya vijidudu kabla umeme haujawashwa. Damu iliyoganda kwenye bawaba ni koti, na aliyejificha ndani ya koti hilo mvuke unampita.

Wengi wetu tulifundishwa kuanza kwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5. Mafundisho hayo yamebadilika: Shirika la Afya Duniani halishauri tena kuloweka hivyo kabla ya kuosha. Damu huipunguza klorini nguvu, na klorini hula chuma. Chuma kilicholiwa huota kutu, na kutu ina vishimo ambavyo hakuna brashi inayovifikia.

Mwaka 2013 huko Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, watu wapatao 7,000 waliambiwa wakapime damu, kwa kuwa walitibiwa na mpasuaji mmoja wa kinywa. Malalamiko ya bodi ya meno ya jimbo yalieleza vifaa vyenye kutu, na kwamba hapakuwa na ushahidi wa otoklevu kujaribiwa kwa miaka sita. Kulikuwa hata na seti ya vifaa iliyotengwa kwa wagonjwa waliojulikana kuwa na maambukizi, ikizidishiwa dawa ya klorini. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulithibitisha kwamba mgonjwa mmoja alipata homa ya ini C kutoka kwa mgonjwa mwingine wa kliniki hiyo. Wazo la seti maalumu ndilo linaloniuma, kwa kuwa wengi wenye homa ya ini hawajui kuwa wanayo. Kila kinywa kinahesabiwa kuwa na maambukizi, na kila koleo linapita njia ileile.

Mtajuaje basi kwamba mashine imefanya kazi? Utepe wa pakiti wenye mistari inayogeuka kuwa myeusi unasema tu kwamba joto lilipita hapo. Hausemi kama lilitosha. Ushahidi ni kuziingiza spora zenyewe. Mara moja kwa wiki kichupa chenye spora hai na chakula chao huwekwa kati ya mzigo, na cha pili, kisichopitishwa kwenye mashine, hubaki mezani. Baadaye vyote viwili hutiwa kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60, ambalo bakteria huyu hulipenda. Katika aina nyingi maji ya kichupa ni ya zambarau, na bakteria akiamka huyageuza manjano. Kile cha mezani lazima kiwe manjano, vinginevyo spora zilikuwa mfu tangu mwanzo na jaribio halina maana. Kile kilichotoka kwenye mashine kibaki zambarau. Kikigeuka, mashine inazimwa, na pakiti zote tangu jaribio jema la mwisho zinarudi kwenye brashi na sabuni.