Hansenka: nyimbo za Kijapani za kupinga vita

Hansenka ni jina la Kijapani la nyimbo za kupinga vita. Ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni nyimbo za maandamano tu, ngumi juu na maneno makali. Zipo za namna hiyo. Lakini nyingi zilizodumu vinywani mwa watu hazimtukani yeyote, na baadhi yake mtu anaweza kuziimba kwenye karaoke miaka nenda rudi bila kujua kwamba zinazungumzia maiti.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Shima Uta wa kundi la The Boom, uliotoka mwaka 1992. Kwa juu juu ni wimbo wa mapenzi. Maua mekundu ya mti wa deigo yamechanua, upepo umevuma, dhoruba imefuata. Wapenzi wamekutana penye msitu wa miwa, kisha wakaagana chini ya miwa hiyohiyo. Mtunzi wake, Kazufumi Miyazawa, si mtu wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani. Ni wa Yamanashi, Japani bara. Alifika Okinawa akaingia katika makumbusho ya Himeyuri, yanayowakumbuka wasichana wa shule waliopelekwa kuuguza askari mwaka 1945, na huko akamsikiliza mmoja wa walionusurika.

Mapigano ya Okinawa, kati ya Marekani na Japani katika Vita Kuu ya Pili, yalimalizika Juni mwaka huo, yakiwa yameua zaidi ya watu 200,000, karibu nusu yao raia. Familia zilijificha mapangoni, na nyingine zilijiua humo humo, kwa sababu jeshi la Japani lilikuwa limewajaza watu hofu kwamba kukamatwa na Wamarekani ni aibu na mateso. Sasa urudie wimbo ukijua hayo. Dhoruba ni vita. Chini ya miwa ni pangoni. Kuagana ni kufa.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye maneno kabisa. Wimbo umejengwa juu ya skeli, yaani mpangilio wa sauti, ya muziki wa Okinawa, na ala ya nyuzi tatu iitwayo sanshin inasikika wazi. Ila ukifika pale wapenzi wanapoagana, muziki unahama na kuingia skeli ya Kimagharibi. Miyazawa ameeleza kwamba alifanya hivyo kwa makusudi: watu wale walifikishwa kwenye kifo na Japani, basi hakuona haki kuwawekea hapo sauti ya visiwa vyao. Ni lawama nzito, na imetolewa bila kutamka neno. Masikio yaliyolelewa na mafumbo ya taarab hayatapata taabu kuielewa.

Miwa hiyo ilikuwa imeshaimbwa kabla. Naohiko Terashima alitembelea Okinawa mwaka 1964, akaambiwa kwamba chini ya shamba la miwa alilokuwa akilipita bado kulikuwa na mifupa ya waliouawa. Akatunga wimbo Satokibi-batake, yaani shamba la miwa, ambao Ryoko Moriyama aliurekodi mwaka 1969. Anayeimba ni mtoto ambaye baba yake alikufa vitani na hata sura yake haijui. Hapo katikati, tena na tena, linarudi neno zawawa, mlio wa upepo unaopita kwenye majani ya miwa. Ukiimbwa wote unazidi dakika kumi, na zawawa husikika mara 66. Mara nyingi wimbo huu hukatwa ili uenee kwenye kipindi. Naona hilo linauharibu, maana nguvu yake iko katika kuchosha: upepo haukomi na baba harudi.

Kelele nazo zilikuwepo. Mwaka 1969 vijana wenye magitaa walikuwa wakikusanyika Jumamosi jioni katika uwanja wa chini ya ardhi, mlango wa magharibi wa stesheni ya Shinjuku jijini Tokyo, kuimba dhidi ya vita vya Vietnam. Maelfu walijaa. Polisi walitumia nguvu, lakini kilichonifurahisha zaidi ni dawa ya kiofisi: Julai mwaka huo vibao vilibadilishwa, palipoandikwa "uwanja" pakaandikwa "njia". Kwenye uwanja mtu anaweza kusimama. Kwenye njia anatakiwa apite.

Kizazi hichohicho kilikuwa na kejeli. Wataru Takada aliimba kwa sauti ya upole akiwaalika vijana wajiunge na Jeshi la Kujilinda, jeshi la Japani la baada ya vita, akilisifu kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa ulinzi waliupenda wimbo wakataka kuutumia kutafuta askari wapya, mpaka walipong'amua kwamba wanachekwa.

Usidhani basi kwamba haya ni mambo ya vijana wa gitaa peke yao. Hibari Misora, malkia wa enka, nyimbo za Kijapani za hisia na huzuni, aliimba Ippon no Enpitsu mwaka 1974 kwenye tamasha la muziki wa amani Hiroshima. Ni wimbo wa mtu anayesema kwamba akipewa penseli moja ataandika jinsi anavyochukia vita. Alirudi kuuimba Hiroshima mwaka 1988 akiwa mgonjwa, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Wimbo uliozusha ubishi mkubwa kuliko yote huenda ni ule wa mwaka 1970 wa Osamu Kitayama na Jiro Sugita, unaojitambulisha kama sauti ya watoto wasiovijua vita. Ulipendwa sana, na ukasutwa sana. Wasutaji waliuliza: hamvijui vipi, wakati ndege za Marekani zinaruka kutoka Okinawa kwenda kuipiga Vietnam? Okinawa yenyewe ilirudishwa Japani kutoka mikononi mwa Marekani mwaka 1972 tu. Mimi ningeongeza kwamba hansenka nyingi humlilia Mjapani aliyeuawa, na ni chache zinazomtazama Mchina au Mkorea aliyeuawa na askari wa Japani. Hilo halipunguzi uchungu wa waliokufa mapangoni, ila linaonyesha kwa nini Shima Uta umesimama peke yake: mtunzi wa bara alithubutu kuinyooshea kidole nchi yake mwenyewe.