Kuitwa kwa jina hakuondoi ukubwa: dhana potofu za walimu waendao Marekani

"Kule hakuna mkubwa wala mdogo, hata profesa anaitwa kwa jina lake." Kila ninapowaandaa walimu vijana wanaokwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani, lazima niisikie kauli hii. Imenichosha, maana inawaponza wengi kuliko baridi na chakula.

Ni kweli mwanafunzi wa miaka 19 atakuita kwa jina, ataingia na kahawa mkononi na kukaa na kofia kichwani, wala hana nia ya kukudharau. Lakini ukubwa upo, tena umekaza. Umekaa kwenye maandishi. Silabasi unayoigawa siku ya kwanza huchukuliwa kama mapatano. Ukiandika kwamba mtihani ni wiki ya saba, kisha ukausogeza mbele kwa uamuzi wako, usishangae mwanafunzi akienda kulalamika kwa mkuu wa idara. Na mkuu huyo huyo aliyekuambia umwite kwa jina ndiye anayepanga nani afundishe nini, na ndiye anayesoma tathmini wanazojaza wanafunzi mwisho wa muhula. Akikuambia kwa tabasamu, "Labda ungefikiria kurudisha kazi zao mapema kidogo," ameshakuonya. Mwalimu wetu anasikia ushauri tu, anashukuru, anaendelea kama zamani. Baadaye inaingia barua pepe yenye nakala kwa watu asiowajua, naye ananipigia simu: "Mbona tulikuwa tunaelewana vizuri?" Huku kwetu mkubwa akikasirika utamjua tu, kwa hiyo karipio lililovaa adabu linatupita.

Ndiyo maana nawang'ang'ania wote: ukitoka kwenye kikao na bosi, mwandikie siku hiyo hiyo mistari mitatu. Tumekubaliana hili, nitafanya hili, nitakuwa nimemaliza siku fulani. Kama ulielewa vibaya, atakusahihisha kabla mambo hayajaharibika.

"Wanafunzi wa kule wamedekezwa, ukiwapa 65 wanalia." Kwenye mtihani wa kidato cha nne Tanzania, 65 ni B. Kwenye kipimo kilichozoeleka Marekani, A huanzia 90, 65 ni D, na chini ya 60 mtu amefeli. Kwa hiyo umempa D kwa kazi ambayo wewe mwenyewe unaiona nzuri, halafu unamshangaa akilalamika! Ulizia kipimo cha idara kabla hujashika kalamu nyekundu.

"Kusoma matokeo mbele ya darasa kunawatia ari." Acha kabisa. FERPA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, inalinda kumbukumbu za masomo za mwanafunzi. Usitangaze alama zake, usibandike mlangoni orodha yenye majina, na mzazi akipiga simu kuulizia maendeleo ya mwanawe, mwelekeze ofisi ya usajili.

"Lazima niongee kama Mmarekani." La. Wamekuita kwa sababu ya Kiswahili chako. Sema taratibu, andika ubaoni, yatosha.

"Mwanafunzi anayenibishia amenivunjia heshima." Wengi wao wamezoezwa kubishana kwa hoja tangu utotoni, na katika kozi nyingi kushiriki mjadala kuna alama zake. Akikuuliza kwa nini tunasema "vitabu vyangu" lakini "rafiki zangu", mjibu swali lake. Na kama jibu huna hapo hapo, mwahidi kipindi kijacho, kisha umletee.