Viti 36 vya Montgomery: kukaidi kulivyogeuzwa kesi

Rosa Parks, Mmarekani Mweusi, husimuliwa kama mama aliyechoka, akakataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, sheria ya ubaguzi ikaanguka. Masimulizi hayo yanaficha kazi ngumu kuliko zote: kuhakikisha anayekamatwa anashtakiwa kwa kosa linaloweza kuifikisha sheria ya ubaguzi yenyewe kizimbani. Wengi walikaidi kabla yake, na ujasiri wao haukuwa mdogo kuliko wake. Kilichotofautiana ni karatasi ya mashtaka.

Tuanze na basi. Mabasi ya Montgomery, Alabama, yalikuwa na viti 36. Kumi vya mbele ni vya Wazungu, hata vikiwa vitupu. Kumi vya nyuma ni vya Weusi. Vile 16 vya katikati vilitegemea kauli ya dereva, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka kila mara, kwa sababu Mweusi hakuruhusiwa kukaa safu moja na Mzungu: akikosa kiti Mzungu mmoja, safu nzima inanyanyuka. Konda hakuwepo. Dereva ndiye aliyepokea nauli ya senti 10, na kanuni za jiji zilimpa mamlaka ya polisi awapo kazini. Abiria Mweusi alilipa mlango wa mbele, akashuka, akazunguka kupandia mlango wa nyuma. Wengine waliachwa kituoni, nauli imeshalipwa.

Tarehe 2 Machi 1955, Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alikataa kutoa kiti. Alifunguliwa mashtaka matatu: kuvunja sheria ya ubaguzi, kuvuruga amani na kumshambulia polisi. Kwenye rufaa, mawili ya kwanza yalifutwa, likabaki la kumshambulia polisi. Unaona mtego? Huwezi kuomba mahakama iibatilishe sheria ambayo hukutiwa hatiani kwayo.

Irene Morgan alikuwa ameuepa mtego huo miaka 11 kabla, huko Virginia. Alikuwa ndani ya basi la masafa marefu la Greyhound akielekea Baltimore, jimbo la Maryland, alipogoma kuhama kiti mwaka 1944. Alikubali kulipa faini ya dola 100 kwa kuwakatalia polisi kumkamata, lakini ile ya dola 10 ya ubaguzi hakuilipa kabisa. Dola hizo 10 ndizo zilizoipandisha kesi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda mwaka 1946. Hata hivyo ushindi ulisimama juu ya hoja ya biashara kati ya majimbo, yaani kwamba sheria ya jimbo moja isibebeshe mzigo safari zinazovuka mipaka, kwa hiyo mabasi ya ndani ya mji hayakuguswa.

Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955, Weusi wanne walikuwa kwenye safu ya kwanza ya viti vya katikati. Dereva aliitaka safu yote kwa ajili ya mwanamume mmoja Mzungu. Watatu wakainuka. Parks, fundi cherehani wa miaka 42 na katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alisogea dirishani akabaki. Hakurusha mkono, hakutukana. Polisi hawakuwa na kosa jingine la kumbandika. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha chuoni akichapa maelfu ya vipeperushi vya kuwataka Weusi wagomee mabasi, na Jumatatu mabasi yakatembea karibu matupu. Siku hiyo Parks alitozwa faini ya dola 10, na dola 4 za gharama.

Lakini rufaa yake ilipaswa kupita mahakama za jimbo, ambako ingeweza kukaliwa miaka. Wakili wake, Fred Gray, akaamua jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoamua yote: tarehe 1 Februari 1956 alifungua shauri jipya la madai katika mahakama ya shirikisho na kumwacha Parks nje makusudi. Wadai walikuwa Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na yule binti Colvin. Wa tano alijitoa. Shauri la kupinga sheria ya jimbo kikatiba lilisikilizwa na majaji watatu, na rufaa yake ilikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Juni wakashinda, majaji wawili kwa mmoja.

Mgomo ulilazimika kudumu muda wote huo. Teksi za Weusi zilipobeba watu kwa senti 10, jiji lilishurutisha nauli isiyopungua senti 45. Watu wakajipanga kwa magari binafsi yapatayo 300. Tarehe 13 Novemba 1956 jiji lilikuwa mahakamani kuomba zuio dhidi ya magari hayo, habari ikafika kwamba Mahakama ya Juu imeithibitisha hukumu ya Juni. Amri rasmi ilifika Montgomery tarehe 20 Desemba, na kesho yake watu wakapanda mabasi na kukaa walipotaka.

Rufaa ya Parks mwenyewe ilikuwa bado haijaamuliwa. Mwanzoni mwa 1957 mahakama ya rufaa ya Alabama ilithibitisha kwamba ana hatia.