Ushindani wa wadudu wanaokula magugu

Huku Tanga magugu maji tunayajua, yamo Mto Pangani na Mto Sigi. Siku ukilivuta moja ukingoni, liangalie jani lake kwa karibu. Ukikuta vidoa vidogo vya mviringo, kama pamekwanguliwa kwa ukucha, hapo amekula fukusi wa magugu maji, mdudu wa milimita 4 au 5 tu, ndugu yake yule anayetoboa mahindi ghalani.

Fukusi hao ni spishi mbili: Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Asili yao ni Amerika ya Kusini, na zote mbili ziliachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990. Wakubwa hukwangua jani, mabuu hutoboa kikonyo na kushuka hadi shinani. Gugu moja, walaji wawili. Ushindani ndio huo: wadudu walioletwa kudhibiti gugu lilelile wanapopunguziana chakula, wanaponyang'anyana pa kutagia, au wanapouana kabisa. Hawa wawili wanavumiliana, kwa sababu bruchi hustawi zaidi penye maji yenye rutuba nyingi, mwenzake humudu hata mmea wenye lishe hafifu.

Wengine hawavumiliani. Kanada, jimbo la British Columbia, malisho yalivamiwa na gugu la Centaurea diffusa. Miaka ya 1970 wakaletwa nzi wa aina mbili wa jenasi Urophora. Nzi hao hutaga ndani ya kichwa cha ua, mabuu wakasababisha uvimbe humo, na mbegu zikapungua sana. Gugu lenyewe halikupungua: mbegu chache zilizobaki zilipata nafasi, zikaota vizuri. Miaka ya 1990 akaja fukusi Larinus minutus. Buu wake hukaa ndani ya kichwa kilekile, hula mbegu, hula uvimbe, na buu wa nzi aliyemo huliwa humohumo. Nzi wakapungua. Gugu nalo likapungua, maana Larinus mkubwa hula pia majani na shina changa.

Ndiyo maana siungi mkono kauli kwamba wadudu wakiongezwa tu, gugu litakwisha upesi. La kuuliza ni nani atashinda. Mshindi akiwa ndiye muuaji hodari, mfugaji amepata. Akiwa ni yule dhaifu aliyewahi kujaza maua, mdudu bora hukosa pa kuishi. Mimi naona heri atafutwe wa pili anayekula sehemu nyingine ya mmea. Kwa Centaurea aliletwa pia mbawakawa Sphenoptera jugoslavica, ambaye buu wake huishi ndani ya mzizi, mbali na vita vya kwenye ua.