Kutengana 2008 Hakukuwa Kuachana

Nakuru hata leo utasikia kwamba ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 27 Desemba 2007 zilithibitisha ndoa ya makabila mawili haistahimili vita, eti kila mtu hurudi kwao. Si kweli, na maneno hayo yanawadhulumu waliokataa kuachana. Wengi walitengana ili wapone.

Tazama kipande, kitambulisho cha taifa, cha wakati ule. Hakikuwa na sehemu ya kabila. Kilikuwa na majina, na nyuma yake wilaya, tarafa, lokesheni na sub-lokesheni. Waliofunga barabara walisoma hayo, kisha wakamsemesha mtu kwa lugha ya mama. Hapo familia ilinaswa: mke aweza kupita, mume asipite, na watoto wenye jina la baba wakahesabiwa upande wa baba. Kusafiri pamoja kulihatarisha wote. Ndiyo maana mmoja alikimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru, uliogeuka kambi, mwingine akabaki kulinda shamba na nyumba.

Majirani nao walificha watu, kazi ngumu kuliko kufunga mlango. Sufuria ikiwa kubwa kuliko kawaida, au choo kikiendewa usiku mara nyingi, siri imetoka.

Kisheria pia, kuhama hakuvunji ndoa, hata ya kimila. Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyokuja baadaye, inataka mahakama itoe talaka hata ya ndoa ya kimila. Waliorudiana baada ya mapatano ya kisiasa ya 28 Februari 2008, kati ya Kibaki na Raila, hawakuhitaji kuoana upya. Walirudi kwao, nyumbani kwao wote wawili.