Nimeambiwa niingie kwenye utafiti wa pumu, nikubali? Maswali na majibu

Haya maswali yanakuja sana kutoka kwa watu wenye pumu, mafua ya aleji au pumu ya ngozi wakishaambiwa kuna utafiti unatafuta washiriki. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine maana maswali yenyewe hayalingani uzito.

Utafiti wa tiba ndo kujaribiwa kama panya?

Hapana. Panya walishapita huko nyuma, maabara nayo ilishapita, ndo mtu anafikiwa, tena kwa hatua. Hatua ya 1 watu wachache, mara nyingi wazima wa afya, wanaangaliwa usalama na dozi. Hatua ya 2 wagonjwa kadhaa, kuona kama kuna dalili ya kusaidia. Hatua ya 3 ni mamia mpaka maelfu, dawa mpya inashindanishwa na ile iliyopo au na dawa bandia, yaani kitu kinachofanana na dawa ila ndani hakina dawa. Hatua ya 4 dawa ishaingia sokoni na bado inafuatiliwa. Halafu sio kila utafiti una dawa. Ule mkubwa wa dunia ulioanza 1991 kuhusu pumu na aleji kwa watoto ulifika nchi zaidi ya 100 na kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza maswali tu, kifua kinalia? unapiga chafya bila mafua? ngozi inawasha kwenye mikunjo?

Dawa bandia ya nini? Mimi nikivuta inhela najijua kabisa kama imenisaidia.

Hapa naomba usome taratibu, maana naona ndo kitu watu wengi wenye pumu hawajawahi kuambiwa. Mwaka 2011 ulitoka utafiti Marekani, wagonjwa wa pumu hawafiki 50, kila mmoja akapitishwa kwenye vitu vinne kwa siku tofauti: inhela ya kweli ya salbutamo (dawa ya kufungua njia za hewa), inhela isiyo na dawa ndani, sindano za kichina za uongo ambazo hazichomi ngozi, na siku nyingine anakaa tu hapewi chochote. Kila mara wanampima pumzi na pia wanamuuliza, umepata nafuu kiasi gani?

Kipimo chenyewe kama hujawahi kukifanya, unabanwa pua na kibanio, unavuta hewa mpaka kifua kinajaa, unaziba mdomo kwenye bomba halafu unapuliza kwa nguvu zako zote na nesi pembeni anakusisitiza endelea, endelea, bado, mpaka unahisi huna kitu tena ndani. Unarudia mara tatu au zaidi. Kinachoangaliwa sana ni hewa iliyotoka sekunde ya kwanza, kwa sababu njia zikiwa zimebana hewa haitoki haraka hata ujikaze vipi.

Matokeo: kwa inhela ya kweli kipimo kilipanda kwa asilimia 20, vile vingine vitatu kilipanda kama asilimia 7 tu, hata kwa waliokaa bure. Sasa angalia walichosema wenyewe. Inhela ya kweli walisema nafuu asilimia 50, inhela bandia 45, sindano za uongo 46, kukaa bure 21. Yaani mtu anakwambia kwa moyo mweupe nimepata nafuu na mapafu yake yako vilevile. Na hapa pumu inakuwa ya hatari, kwa sababu anayejisikia vizuri wakati njia za hewa bado zimebana hatakwenda hospitali, atalala. Kwa hiyo dawa bandia haiwekwi kumdanganya mgonjwa, inawekwa ili tujue nafuu ipi ni ya dawa na ipi imetokana na kuhudumiwa na kuamini.

Sasa nikiangukia kwenye kundi la dawa bandia si pumu itanizidi?

Tafiti nyingi za pumu siku hizi haziondoi dawa zako, unaendelea na inhela yako ya kila siku halafu juu yake unaongezewa ama dawa mpya ama bandia, na inhela ya dharura unabaki nayo mfukoni. Ila sio zote, zipo zinazopunguza au kusimamisha dawa ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, kwa muda ili waone. Ukikutana na ya hivyo uliza: nani ananifuatilia, kila baada ya siku ngapi, nikibanwa usiku nampigia nani na anapokea? Wakisitasita kujibu, usisaini.

Dawa za pumu si zipo tayari, wanatafuta nini tena?

Wanatafuta makosa ya dawa tulizozizoea, na wameyapata kweli. Kuna inhela ya kufungua njia za hewa kwa masaa 12, salmetero, ilitumika miaka mingi na watu wakaipenda. Ukafanyika utafiti wa watu zaidi ya 26,000, nusu wanaongezewa salmetero na nusu bandia, kwa wiki 28. Waliokufa kwa pumu walikuwa 13 upande wa salmetero na 3 upande wa bandia, ukasimamishwa kabla ya wakati. Hesabu ndogo hiyo, 16 kati ya 26,000, hakuna daktari angeiona kliniki kwake hata afanye kazi maisha yake yote. Tafadhali usikimbilie kutupa inhela yako, baadaye tafiti nyingine kubwa zilionyesha ikiwekwa pamoja na steroidi kwenye inhela moja ile hatari ya ziada haionekani. Shida ni kuitumia peke yake.

Na ile inhela ya bluu, ya salbutamo, ndo hivyohivyo. Miaka mingi mwenye pumu kidogo alipewa hiyo tu, vuta ukibanwa. Tafiti zilizotoka 2018 zikaonyesha ukimpa inhela yenye steroidi na formotero (nayo ni dawa ya kufungua njia) avute akibanwa, mashambulizi makali yanapungua karibu theluthi mbili ukilinganisha na kutumia ya kufungua njia peke yake. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu ukabadilika, haushauri tena inhela ya kufungua njia peke yake kwa watu wazima na vijana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria pumu iliua watu 455,000 mwaka huo wa 2019, wengi wao kwenye nchi zenye kipato kidogo, kwa hiyo hili sio jambo la vitabuni. Kama wewe bado una ya bluu tu, muulize daktari wako.

Mtoto wangu ana pumu ya ngozi, niliambiwa karanga asiguse mpaka akue. Ni kweli?

Ndivyo walivyoshauri madaktari wa watoto Marekani mwaka 2000, mpaka miaka 3, ushauri ukaja kuondolewa 2008. Halafu 2015 London wakatoa utafiti wa watoto wachanga 640 wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya mayai, wa miezi 4 hadi 11, nusu wanalishwa vyakula vya karanga kila wiki na nusu hawagusi kabisa. Walipofika miaka 5, walionyimwa asilimia 17 walikuwa na aleji ya karanga, waliokula ni asilimia 3 tu. Kumkinga ndo kulikuwa kunamuumiza. Ila mwenye pumu ya ngozi kali apimwe kwanza kabla hujampa, na hata asiye nayo usimpe karanga nzima, zinakaba, zisagwe ziwe laini kabisa.

Kwa nini niache vidonge vya aleji siku kadhaa kabla ya kupimwa aleji mkononi?

Kwa sababu vinaficha majibu. Wanadondosha matone kwenye mkono, vumbi la nyumbani, chavua, manyoya ya paka, wanachoma kidogo juu ya kila tone, unasubiri kama dakika 15 wanapima uvimbe kwa rula. Tone moja ni histamini yenyewe, ile kemikali ya mwilini inayoleta uvimbe na muwasho wa aleji, hilo lazima livimbe kwa kila mtu, lisipovimba ujue kidonge bado kiko mwilini na kipimo hakina maana. Inhela ya pumu usiiache kwa kujiamulia.

Kuna mtu alishawahi kufa kwenye utafiti wa pumu?

Yupo, na ni haki yako kujua. Mwaka 2001 kwenye chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, binti wa miaka 24 asiye na ugonjwa wowote alijitolea kuvuta dawa inaitwa heksamethoniamu, walitaka kuelewa jinsi njia za hewa zinavyojizuia kubana. Mapafu yakaharibika akafa. Uchunguzi ukakuta kulikuwa na maandishi ya zamani kuhusu madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu ambayo hayakuonekana na watafiti, na fomu ya ridhaa aliyosaini haikueleza wazi kwamba dawa hiyo haina kibali cha kuvutwa. Serikali ikasimamisha kwa muda tafiti zilizolipiwa na fedha zake pale. Kwa hiyo ukisoma fomu ya ridhaa tafuta sehemu inayosema dawa hii ina kibali cha kutumika hivi au bado.

Nikitaka kutoka katikati?

Unatoka, hudaiwi sababu, na matibabu yako ya kawaida yanabaki palepale. Waambie tu, usipotee kimyakimya, kuna dawa zinatakiwa kushushwa pole pole.

Ukiisha, ile dawa iliyonisaidia nitaendelea kuipata?

Mara nyingi hapana, na hili linaumiza watu sana, hasa sindano za pumu kali kama omalizumabu ambazo bei yake ni kubwa. Mtu amekaa mwaka mzima analala usiku bila kukohoa halafu anaambiwa asante, utafiti umeisha. Uliza siku ya kwanza kabla ya kusaini, na jibu liwe limeandikwa kwenye fomu, sio la mdomo.